Wauza bodi za Linux mnatutesa: siku 9 kioo giza kisa pini moja

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa kimya siku 9 nikidhani mjinga ni mimi. Leo nafungua uzi. Mods mkitaka uhamisheni jukwaa lolote, ila msiufute.

Nipo Tanga, Ngamiani. Msikiti wa mtaani umenipa kazi ndogo: kioo cha inchi 7 ukutani kionyeshe saa za swala, mwanga wake upungue baada ya Isha na mchana uongezeke. Nikaagiza bodi (kikompyuta kidogo cha Linux) na kioo chake kwa muuzaji wa mtandaoni, jina namwachia. Maelezo yake: chomeka, washa, tumia. Nikachomeka, nikawasha. Giza.

Kwa kebo ya siriali, inayoleta ujumbe wa bodi kwenye kompyuta yangu, naona Linux imewaka salama salimini. Naingia /sys/class/backlight, folda ya taa ya kioo, patupu kama mfuko wa fundi tarehe 25. Kumbe kwenye kerneli yao (kiini cha Linux) hakuna draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, ya taa ya kioo, CONFIG_BACKLIGHT_PWM hawakuiwasha! Na faili la dts, lile linaloiambia kerneli kifaa gani kimekaa wapi, linakitaka kioo kiwake na taa hiyohiyo. Basi draiva ya kioo inamngoja mwenzake asiyekuja. Hata kosa la maana huoni kwenye dmesg (kumbukumbu za kerneli), ni kungojeana tu.

Nikamwomba muuzaji sosi kodi (maandishi ya programu) nijenge kerneli mwenyewe. Jibu: "tumia imeji yetu", yaani mfumo waliokwisha kuujenga wao. Hapo ndipo nilipopandwa. Kerneli ya Linux ina leseni ya GPL toleo la 2. Ukimuuzia mtu kifaa chenye kerneli hiyo, sosi kodi yake ni haki yake, sio hisani.

Basi nikachukua kerneli ya kawaida, nikalifumua faili lao la dtb (dts iliyokwisha kujengwa) kwa programu ya dtc, nikajenga. Saa 7 usiku nikawasha. Bado giza, ila nilipokimulika kioo kwa tochi ya simu kwa ubavuni nikaona maandishi kwa mbaaali. Mafundi simu mnaijua hii: kioo kizima, taa ndiyo haiwaki. Nikaweka mita kwenye mguu wa EN (unaoiruhusu iwake) wa IC ya taa, volti 0. Nikaupa 3.3V kwa waya, katikati rezista ya 1k (msiige bila rezista, mtaniletea lawama). Pwaa! Nyumba nzima nuru. Kufuatilia njia ya shaba kwa lenzi, mguu ule umepelekwa pini nyingine kabisa, sio ile iliyoandikwa kwenye mstari wa enable-gpios wa dts. Bodi waliyoniuzia ni toleo la 2, faili ni la toleo la 1. Mlihamisha pini mkashindwa kubadili namba moja?

Haikuisha. Wazee wa kamati wamekuja baada ya Isha kuangalia kazi. Naandika 20 kwenye faili la brightness ili mwanga ushuke, kioo kikawaka kama taa za lori njia ya Segera. Nikaweka 255, juu kabisa, kikazima ti. Mzee mmoja akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hiki kitu ukikiambia kilale ndiyo kinaamka?" Nilitamani sakafu ipasuke. Saketi yao inasoma PWM (mapigo ya haraka ya kuwasha na kuzima yanayopanga mwanga) kinyume, na kwenye mstari wa pwms hawakuweka PWM_POLARITY_INVERTED. Nimeiweka, nimejenga upya, sasa 20 ni 20.

Jumla: mstari 1 wa config, mistari 2 ya dts. Hela ya kazi yenyewe imeishia kwenye bando na umeme.

Leo asubuhi muuzaji kaniandikia: amefurahi kusikia imefanya kazi, nimpe nyota 5.

Mwenye bodi ya namna hii aangalie maandishi madogo nyuma, karibu na soketi ya umeme. Ukiona V2 nitumie PM nikupe faili.