Mama ana miaka 74, tumbo halitulii: ninunue vidonge vya bakteria hai?

KijanaWaNkuhungu

Mbukwenyi wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba ushauri wa waliowahi kuuguza wazee.

Mama yangu ana miaka 74. Tulimtoa Bahi alipoanguka akaumia nyonga, sasa anaishi nasi hapa Nkuhungu, Dodoma. Mwezi uliopita alilazwa kwa nimonia, akachomwa sindano za antibiotiki, akaruhusiwa na vidonge vya kumalizia. Tangu arudi, tumbo halijakaa sawa. Gesi imejaa, chakula hakitaki, siku kadhaa anakosa choo kabisa, halafu kinamtoka cha majimaji kidogo kidogo mpaka anachafua kanga. Mama ni mtu wa heshima zake, na hilo linamuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Siku hizi hanywi maji jioni wala mchana ili asisumbue watu kumpeleka chooni. Mke wangu alimkuta huko analia.

Duka moja la dawa mjini wameniambia antibiotiki zimeua bakteria wazuri wote, kwa hiyo ninunue kopo la vidonge vya probiotiki, yaani bakteria hai, la shilingi 95,000, na atumie makopo matatu. Shangazi anasema tunaibiwa, mama amekulia maziwa mgando na ugali wa uwele, arudishiwe chakula chake basi. Hela nitaitafuta kama zitamsaidia, ila sitaki kumrundikia dawa juu ya dawa. Mwenye uzoefu anisaidie.

BintiKondoa

Pole sana kaka. Baba yangu daktari alimwandikia probiotiki za unga siku ileile alipoanza antibiotiki, kwa sababu mara ya nyuma aliharisha vibaya. Safari hiyo tumbo lilitulia. Kama ni zile au ni bahati, siwezi kukuhakikishia. Ukiamua kununua, soma kopo kwanza: ziko zinazotaka friji, na duka lenye bati juu kwa joto letu la Novemba unalipia bakteria waliokwisha kufa.

NesiMstaafu

Mbukwa mwanangu. Pole na uuguzaji. Nilikuwa muuguzi wodi ya wanawake mpaka nilipostaafu, na wengi niliowahudumia ni wa umri wa mama yako, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Weka pembeni habari ya kopo kwanza. Mzee anayekosa choo siku kadhaa, kisha akatokwa na majimaji kidogo kidogo bila kuweza kujizuia, mara nyingi haharishi. Choo kigumu kimeziba huko chini, na yale majimaji yanapenya pembeni. Ukienda dukani ukasema anaharisha utapewa dawa ya kufunga, na hapo utakuwa umemkomelea mlango. Kulijua hili ni kazi ndogo: muuguzi au daktari anavaa glavu, anapaka mafuta, anapima kwa kidole. Lakini mzee mwenyewe hatalisema, na mhudumu mwenye foleni ndefu hatauliza. Useme wewe. Usimwambie tu kwamba mama anaumwa tumbo. Mwambie unaomba apimwe kama choo kimeganda. Kikiwa kimeganda watamsaidia kwa enema, yaani maji ya dawa yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, au kwa mkono, halafu dawa ya kulainisha. Ni aibu ya dakika chache, nafuu yake anaiona siku hiyohiyo.

Ila kama anakwenda choo cha maji mara nyingi kwa siku, tumbo linakata na homa ipo, usingoje. Baada ya antibiotiki, hasa kwa aliyevuka miaka 65, kuna bakteria mkorofi anayeitwa Clostridioides difficile ambaye huchukua nafasi waliyoiacha wale wengine. Hiyo ni ya hospitali.

Kuhusu probiotiki, nitasema ninavyoamini. Si uongo kwamba zipo zinazosaidia. Lakini kila aina ina kazi yake, na inayozuia kuharisha kwa antibiotiki haina maana itafungua choo. Pale zinapoonyesha msaada ni kuanza pamoja na antibiotiki, kama alivyofanyiwa baba wa BintiKondoa. Chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2020, kwa maradhi mengi ya tumbo hakikuzipendekeza, ushahidi ukiwa haujatosha. Wala si kweli kwamba bakteria wote wameuawa. Wamepungua, na kwa kawaida hurudi wenyewe kadiri mtu anavyokula. Na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana hapewi hizi bila daktari kujua, kwa sababu ni viumbe hai.

Niambie mambo mawili: anameza dawa gani, na choo chenu ni cha namna gani?

KijanaWaNkuhungu

Shikamoo mama. Nashukuru mno, hilo la kuziba hakuna aliyenigusia.

Anameza amlodipini ya presha, vidonge vya madini ya chuma, na tramadoli asubuhi na jioni kwa ajili ya nyonga. Choo ni cha kuchuchumaa, kiko uani. Mke wangu humshika kwapani, akishaanza kutetemeka miguu anasema basi nimemaliza.

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Umejieleza vizuri, na majibu karibu yote yamo humo.

Tramadoli hufunga choo. Madini ya chuma hufunga choo. Hata amlodipini kwa baadhi ya watu. Usikatishe hata kimoja kwa mkono wako, hasa cha presha. Beba pakiti zote kwenye mfuko, zipange mezani mbele ya daktari, uulize kipi kinaweza kupunguzwa au kubadilishwa, na kwa nini alipewa tramadoli bila dawa ya kulainisha choo.

Halafu hicho choo. Mtu mwenye nyonga mbovu hawezi kuchuchumaa mpaka amalize haja. Anabana, anaacha, kinaganda. Nunua kiti cha plastiki chenye mikono, kile kigumu, fundi akate tundu katikati na kusugua kingo kwa msasa zisimchane, kikae juu ya tundu la choo. Chini ya miguu weka kigoda kifupi ili magoti yapande. Mpeleke baada ya chai ya asubuhi, tumbo huwa linaamka baada ya kula. Mfungie mlango, mkeo akae nje ya kusikia anapoitwa. Usiku weka ndoo ya haja chumbani, utaona anakubali maji tena. Kiu ya wazee hupungua, kwa hiyo msingoje aombe. Mpe kidogo kidogo toka asubuhi mpaka alasiri, isipokuwa daktari awe amempangia kiasi kwa ajili ya moyo au figo.

Shangazi yako naye asikilizwe. Maziwa mgando yana bakteria hai, na sukari ya maziwa ambayo wengi wetu ukubwani hatuisagi vizuri inakuwa imeshaliwa kiasi na hao bakteria, ndiyo maana hayajazi gesi kama maziwa mabichi. Ila ya kibuyu cha zamani, yasiyochemshwa, hapana. Kifua kikuu cha ng'ombe na bruselosisi hupitia humo. Chemsha, yaache yawe vuguvugu, tia kijiko cha mtindi mzuri wa jana, funika mpaka asubuhi. Aanze na nusu kikombe. Togwa pia ni nzuri, mradi isirudishwe jikoni ikishachacha, moto unaua wote.

Ugali wa uwele usiokobolewa, mlenda na papai vingoje mpaka njia ifunguke. Makapi juu ya choo kilichoganda yanaongeza tatizo.

KijanaWaNkuhungu

Kesho asubuhi tunakwenda, na pakiti zote nimeshaziweka kwenye mfuko. Kopo siliendei tena. Je, choo kuwa cheusi ni jambo la kutia hofu?

NesiMstaafu

Madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi, hilo la kawaida. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo ni damu. Na umenikumbusha: waulize kwa nini anapewa madini ya chuma. Kama damu yake ni pungufu, kwa miaka 74 lazima itafutwe inakopotelea, na tumbo ndipo pa kuanzia. Waeleze pia kama amepungua uzito, angalia gauni zake zinavyomkaa. Mkirudi andika hapa walichokuta.