Raw ya Jumatatu kwenye kikundi cha Ukoo wa Kirumba

Jumanne, 7 Januari 2025

Neema (1:31 asubuhi): Mwangaluka wote! Raw, ile mieleka ya WWE ya Marekani, imeisha muda si mrefu. Mlioangalia tulieni kwanza. Mjomba shikamoo, nikusimulie au unasubiri marudio?

Mjomba Igombe: Marahaba mama. Simulia. Marudio nitaangalia jioni, ila siwezi kushinda hapa ufukweni sijui nani kapigwa. Mwezi ulizama katikati ya usiku ndipo vijana wakawasha taa, mtumbwi umeingia alfajiri hii. Nasoma huku naanika dagaa.

Baraka: ROMAN KASHINDAAAA

Neema: Baraka jamani!

Mjomba Igombe: Mwache. Kashindaje?

Neema: Ndilo lilikuwa pambano la kwanza. Roman Reigns na Solo Sikoa, Tribal Combat. Hakuna kutolewa kwa kosa, kiti ruksa, meza ruksa. Anayeshinda anavaa ula fala, lile shada jekundu la shingoni la Kisamoa, na anatambuliwa mkuu wa ukoo. Ni Inglewood, pembeni ya Los Angeles, ukumbi wa Intuit Dome, Raw ya kwanza kurushwa Netflix, na The Rock ndiye aliyefungua shughuli. Watu wamejaa mpaka juu.

Shangazi Igoma: Na mimi niliamka saa kumi kwa ajili ya hilo tu. Mtoto kudai ukuu mbele ya baba yake mdogo! Nisingekosa.

Baraka: Shangazi, Solo na Roman ni mabinamu. Watangazaji wanasema hivyo tangu Solo aingie 2022.

Shangazi Igoma: Wanahesabu kwa hesabu yao. Wewe hesabu kwa yetu. Roman ni mtoto wa Sika. Sika alikuwa na dada, na dada huyo ndiye aliyemzaa Rikishi. Kwa hiyo Rikishi alimwita Sika mjomba, na Rikishi na Roman ndio mabinamu. Jimmy, Jey na Solo ni watoto wa Rikishi. Binamu wa baba yako unamwitaje?

Baraka: Baba mdogo

Shangazi Igoma: Haya.

Baraka: Lakini Roman na wale mapacha, Jimmy na Jey, wamezaliwa mwaka mmoja, 1985.

Shangazi Igoma: Umri ndiyo nini? Wewe una mjomba yuko darasa la sita kule Magu na unamwita mjomba. Ukoo unakwenda kwa nafasi.

Mjomba Igombe: Hapo Shangazi kanifungua macho. Maana mimi nilikuwa nalichukulia kama ugomvi wa ndugu wawili tu.

Shangazi Igoma: Na angalia Solo alikalia kiti lini. Roman kapoteza mkanda kwa Cody Rhodes Aprili 2024, baada ya siku 1,316 akiwa bingwa. Kanyamaza, hayupo. Mwezi wa sita Sika akafariki, baba yake mzazi. Agosti akafuata Afa, kaka yake Sika. Katikati ya misiba hiyo mtoto wa Rikishi anazunguka anadai yeye ndiye mkuu. Hadithi ya ulingoni hawakuiunganisha na msiba, lakini mimi nilikuwa naangalia na msiba kichwani. Roman alipotoka na kutembea taratibu vile, nilimwelewa.

Mama Happy: Jamani Shangazi umeniliza asubuhi yote hii

Neema: Hadithi nakubali, Shangazi, ni nzuri kuliko zote. Ila pambano lenyewe waliliharibu. Kaingia Jacob Fatu, kaingia Tama Tonga, wote upande wa Solo. Kaja Jimmy, kaja Sami Zayn kumsaidia Roman. Kevin Owens naye akatokea akamvamia Roman, Cody akatokea akamvamia Owens. Solo hakupata dakika tatu mfululizo za kutuonyesha kwamba anaweza kumtisha Roman peke yake. Hata kile kidole gumba chake cha kooni hakikuogopesha mtu. Mwishoni Spear, moja mbili tatu, basi.

Shangazi Igoma: Kesi ya ukoo umeona wapi ikaamuliwa na wawili? Jimmy ilimpasa aje, maana Agosti 2023 Roman alipopigana na Jey kwenye Tribal Combat ile ya kwanza, Jimmy huyo huyo ndiye aliyemsaliti pacha wake. Jacob ilimpasa aje, ni mtoto wa ndugu yake Rikishi. Mimi niliyemshangaa ni Tama Tonga. Yule kalelewa na Haku, Mtonga. Anatafuta nini kwenye shada la wenzake?

Mjomba Igombe: Na shada kamvika nani?

Baraka: The Rock!

Mjomba Igombe: Yeye ni damu yao?

Shangazi Igoma: Si damu ya kuzaliwa, ni ndugu wa kuchanjia. Babu yake, Peter Maivia, alichanjiana na baba yao Afa na Sika. Na ndugu wa kuchanjia ndiye hasa anayefaa kumvika mtu, kwa sababu yeye hagombei. Pale walifanya sawasawa kabisa. Sijui kama waliwaza hivyo, ila mimi nilipiga vigelegele hadi mlinzi wa jirani akagonga geti.

Mama Happy: 😂😂😂 tulisikia hadi huku

Mjomba Igombe: Endelea Neema. John Cena je?

Neema: Cena hakupigana, kaongea tu. Huu ndio mwaka wake wa mwisho, anaaga. Ana ubingwa mara 16 sawa na Ric Flair, anataka wa 17, na kasema ataingia Royal Rumble, 1 Februari, Indianapolis.

Mjomba Igombe: Apewe. Huyo ndiye aliyewafundisha wanangu mieleka ni nini.

Neema: Halafu Rhea Ripley na Liv Morgan. Rhea kashinda, mkanda umerudi.

Mama Happy: ALHAMDULILLAH. Huyu dada mkanda hakunyang'anywa ulingoni. Aliuacha Aprili mwaka jana kwa jeraha alilosababishiwa na Liv huyo huyo, na Liv akaja kuuchukua kwa Becky Lynch mwezi uliofuata. Na juu yake akamchukua na Dominik, mpenzi wake! Miezi minane mwanamke wa watu anaangalia mali yake mkononi mwa mwingine.

Baraka: Dominik baada ya pambano kaenda kumkumbatia Rhea

Mama Happy: Akapata alichokistahili, kapigwa chini ya mkanda pale pale. Mtoto aliyemkana Rey Mysterio, baba yake mzazi, mbele ya dunia nzima, ulitegemea nini?

Neema: Pambano lilikuwa zuri ila fupi kwa mimi. Ningempa Liv muda zaidi, maana amefanya kazi mwaka mzima, na alistahili kupoteza kwa kupigana hasa. Ile Riptide Rhea aliimaliza safi: anamnyanyua mtu juu kabisa, anatulia kidogo, ndipo anambwaga.

Baraka: Mjomba hujaambiwa bado nani alitokea

Mjomba Igombe: Nani?

Baraka: UNDERTAKER. Na pikipiki

Mjomba Igombe: Acha!

Neema: Kweli. Taa, honi, pikipiki, kampita Rhea kampa heshima. Hakusema neno. Mtu aliyeanza WWE 1990 na kustaafu 2020, na ukumbi mzima umesimama.

Mjomba Igombe: Nimesimamisha kuanika. Nimewaambia vijana hapa, wote wameacha kazi. Mmoja anasema bado hajamsamehe Brock Lesnar kwa ile 2014 alipovunja rekodi ya Undertaker ya kushinda mara 21 mfululizo kwenye WrestleMania, onyesho lao kubwa la mwaka.

Shangazi Igoma: Mwambie tupo wengi.

Neema: Jey Uso na Drew McIntyre sina mengi. Jey kashinda, aliingia na Travis Scott, ukumbi mzima mikono juu. Kuingia kwake kulinoga kuliko pambano. Hulk Hogan naye alitokea, watu wakamzomea mwanzo mwisho.

Mama Happy: Walimzomea vibaya mno, haikuisha.

Neema: Sasa la mwisho. Mjomba, hili naomba uliangalie ukiwa umekaa. CM Punk na Seth Rollins.

Mjomba Igombe: Hawa wana ugomvi gani hasa? Huwa mnaongea nusunusu.

Neema: Novemba 2012 Rollins, Roman na Dean Ambrose walipoingia kwa mara ya kwanza kama kundi la Shield, waliingia kumsaidia Punk abaki na mkanda. Januari 2014 Punk akaondoka WWE kwa hasira, na akaisema vibaya hiyo kampuni miaka na miaka. Rollins alibaki akabeba mzigo, magoti yakaumia, mgongo ukaumia. Kisha Novemba 2023 Punk anarudi Chicago, kwao, watu wanalia kwa furaha. Rollins yuko pembeni ya ulingo anazuiwa na watu, anatukana. Mimi namwelewa. Wewe umebaki nyumbani unafagia, ndugu aliyeondoka kwa matusi anarudi na kuchinjiwa ng'ombe.

Mjomba Igombe: Heh. Hiyo nimeielewa.

Neema: Na hakuingia mtu! Hakuna binamu, hakuna baba mdogo, hakuna kiti. Wawili na refa. Kila aliyebanwa alitoka refa akiwa ameshapiga mbili, na kila alipotoka walikuwa wanaangaliana kwanza kabla ya kunyanyuka. Huko kuangaliana ndiko kulikonikamata. Punk ana miaka 46, unaona anavyohema, anavyosimama kwa kushika kamba. Akamnyanyua mabegani, GTS, uso ukatua gotini. Rollins kalala.

Baraka: Nilitaka Rollins ashinde. Bado naumia.

Neema: Na mimi kwa haki nilitaka Rollins. Lakini lile ndilo pambano la usiku. Nawapa Punk na Rollins tisa kwa kumi, Rhea na Liv saba, Roman na Solo sita, Jey na Drew sita.

Shangazi Igoma: Sita? Shada la ukoo sita?

Neema: Hadithi kumi, Shangazi. Pambano sita.

Bibi (ujumbe wa sauti): Wajukuu zangu, hao watu wanaumizana kweli au wanacheza?

Neema: Shikamoo Bibi. Mshindi wanampanga, ila kuanguka ni kuanguka. Punk alichanika msuli wa mkono kwenye Royal Rumble ya mwaka jana akakosa kupigana WrestleMania.

Bibi (ujumbe wa sauti): Basi wapeni pole.

Mjomba Igombe: Nakuja kwa Baraka saa kumi na mbili jioni na fungu la dagaa. Tuanze na la Punk?

Shangazi Igoma: Tunaanza na Roman. Na mimi nakuja, nitakuonyesha nani ni nani kwa nani.

Mjomba Igombe: Sawa Shangazi, Roman kwanza. Ila nikifika kwa Undertaker msiongee.