Jedwali la elementi: ni la Mendeleev peke yake?

Mwalimu wa Ruangwa
Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, hili linanikera. Watoto tunawakaririsha kwamba jedwali la elementi, zile dutu za msingi kama oksijeni na salfa, ni la Mendeleev, Mrusi, 1869, basi. Lothar Meyer wa Ujerumani alikwishachapa jedwali lake la elementi 28 mwaka 1864. Newlands, mkemia Mwingereza, aliona ukizipanga kwa uzani tabia zinajirudia kila ukifika ya nane, akalisema London mwaka 1866, mmoja akamuuliza kama amejaribu kuzipanga kwa alfabeti! Kwa nini hawa tusiwataje? Mimi naona tuache kabisa kusema "jedwali la Mendeleev".

Mtoto wa Mikindani
Shikamoo mwalimu. Hapo nakupinga. Yule Mrusi alisema chini ya alumini kuna kitu hakijaonekana, akataja na tabia zake. 1875 Mfaransa akakipata, galiamu. Akapima, kila sentimita ya ujazo gramu 4.7. Mendeleev akasema apime tena, inatakiwa iwe kama 5.9. Akapima tena, ikawa 5.9! Mtu hajawahi kuigusa, anamsahihisha aliyeishika mkononi. Hata heliamu aliitabiri.

Dada wa Lindi Mjini
Heliamu hapana, mdogo wangu. Lile kundi zima la gesi zisizochangamana na kitu halikuwamo kwenye jedwali lake. Argoni ilipotangazwa 1894 alibisha, akadhani ni nitrojeni ya namna nyingine.

Mfanyabiashara Masasi
Mnagombania Wazungu waliokufa zamani. Mchimba madini ya kinywe Ruangwa na mkulima wa korosho Newala, jedwali la nini? Yeye ajue kupuliza tu.

Mkulima Newala
Kupuliza tu? Umewahi kubeba ile mashine mgongoni wewe? Msimu wangu wa kwanza nilipuliza salfa jua limeshapanda na upepo unavuma, macho yakaniwaka siku tatu. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, niliujua, salfa sikuijua. Nilidhani ni dawa iliyochanganywa kiwandani. Binti yangu ndiye aliyenionyesha kwenye daftari lake: baba, hii ni elementi, namba 16, iko kundi moja na oksijeni. Nilikaa kimya. Usiniambie mkulima hana haja.

Mfanyabiashara Masasi
Mzee wangu, mimi pia nimesomeshwa kwa korosho, usinifanye mgeni. Nilichosema ni kwamba shida ya shamba haimalizwi na historia. Na hiyo salfa ya unga mnayoisifia inaharibu udongo. Wenye akili wamehamia dawa za maji.

Mkulima Newala
"Wenye akili"! Nani ameisifia?

Dada wa Lindi Mjini
Kuhusu udongo amesema kweli, baba. Salfa ikianguka chini vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa asidi, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuihimili. Ila "wenye akili" angeliacha.

Mtoto wa Mikindani
Halafu ni kundi hilihili la salfa! Chini yake kuna seleni, kisha telura. Telura ni nzito kuliko iodini. Kwa uzani, iodini ilipaswa kutangulia. Mendeleev akakataa, akaiweka telura chini ya salfa na iodini chini ya klorini, kwa sababu ndivyo zinavyotenda kazi. Ndiyo maana jedwali ni lake.

Dada wa Lindi Mjini
Lakini alidhani uzani wa telura umepimwa vibaya, na haukuwa umepimwa vibaya. Aliyetatua ni Moseley, mwanafizikia Mwingereza, mwaka 1913, kwa miale ya eksirei: mpangilio unafuata chaji ya kiini cha atomu, si uzani. Akauawa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia huko Gallipoli, Uturuki, 1915, ana miaka 27. Na huyo nani anamtaja darasani?

Mwalimu wa Ruangwa
Ndiyo hoja yangu toka mwanzo! Mpangilio tunaoutumia leo umesimama juu ya kazi ya Moseley, na mtihani unauliza jina moja.

Mtoto wa Mikindani
Mwalimu, ulianza na Meyer na Newlands. Moseley ameingia sasa hivi.

Mkulima Newala
Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha tatu, nitamsomea haya yote. Na wewe wa Masasi, hizo dawa zako za maji zina elementi gani ndani? Nimeuliza, nasubiri.