Naomba ushauri: jioni nipike nini?

Wapendwa, nisaidieni. Natoka kazini mjini jioni, na kwa foleni ya Thika Road nafika Githurai giza limeshaingia. Hata kiatu sijavua: "Mama, leo tunakula nini?" Ugali, sukuma na mayai wamechoka navyo. Omena kifungua mimba wangu hagusi, ati zinamtazama!

Jumapili huchemsha maharagwe na kuyagandisha kwa mafungu. Siku ya kazi ni kukaanga kitunguu, nyanya na dania tu. Ndengu nazo huiva upesi nikiziloweka asubuhi. Managu ni tamu, lakini kuyachambua usiku nani ataweza? Nyama tusubiri mshahara.

Mnapangaje wiki yenu? Nipeni vya nusu saa, visivyomaliza gesi.