MREJESHO: Dada aliyetolewa chumbani pamoja na watoto wake, Mtwara

Habari za saa hizi wakuu. Niliomba ushauri juu ya dada yangu: mwenye nyumba Magomeni kamtoa, ana watoto watatu, na kila chumba alichouliza wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wengine mlisema NHC (Shirika la Nyumba la Taifa), wengine nianzie kwa mjumbe wa mtaa.

NHC si saizi yetu. Zile nyumba za gharama nafuu ni za kununua, na benki inataka kuona mshahara. Dada anakaanga samaki, salary slip ataitoa wapi?

Mjumbe ndiye aliyetusaidia. Katukutanisha na bibi mmoja Chikongola, ana chumba cha uani alichokuwa anawekea magunia ya korosho. Kakubali kodi ya mwezi mwezi, sharti paa tuzibe wenyewe. Makuti yalikuwa yamechoka, ukilala unahesabu nyota, basi tukatafuta bati za mtumba tukafunika upande wa kitanda kwanza. Mkataba tumeandika kwenye karatasi ya daftari, kiasi cha kodi na notisi ya mwezi mmoja vimo, mtendaji kagonga muhuri. Hilo la muhuri asanteni sana mliosisitiza.

Ustawi wa jamii wamechukua maelezo, tunasubiri.

Sasa kuna kipande cha shamba la marehemu mama Naliendele, tunataka kupandisha vyumba viwili. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara lakini bei bado inauma. Aliyejenga kwa tofali za kuchoma karibuni, tripu moja kauziwaje?