Tupeane uzoefu: ni picha gani ya mnato iliyokuzalia kichupa?

Jicho la Ziwa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa madairekta, wapiga picha, wasanii na yeyote wa Mwanza na Kanda ya Ziwa aliyewahi kushika kamera au kusimama mbele yake. Naomba tusimuliane jambo moja: ile picha ya mnato iliyokupa video ya wimbo, yaani kichupa. Iwe ya albamu ya nyumbani, ya studio ya zamani, au uliyoipiga mwenyewe kwa simu. Habari za lokesheni kali na gari la kukodi tuziache kwa leo.

Nauliza kwa sababu vijana wetu wengi wanaanzia kwenye vichupa vya wenzao. Msanii anakutumia linki za Lagos na Johannesburg, anakwambia "nataka hivihivi". Unasimama naye Capri Point, ziwa lote liko nyuma yake, halafu video ikitoka mtu hawezi kujua imepigwa mji gani. Inaniuma kwa kweli.

Mwaka 1997 mwimbaji wa Marekani Janet Jackson alipotoa video ya "Got 'Til It's Gone", dairekta wake Mark Romanek alichota kwenye picha za mafundi wawili wa studio wa Bamako, Mali: Seydou Keïta na Malick Sidibé. Keïta alifungua studio 1948, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu, basi. Ndiyo maana ukizitazama unaona kila kidole kimewekwa mahali pake, saa ya mkononi inaonekana, redio iko pembeni. Sidibé yeye alikuwa mtu wa dansi. Anakwenda na baiskeli usiku kwenye sherehe za vijana, anarudi studio usiku huohuo kusafisha picha, kisha anazibandika nje watu waje wajitafute na kuagiza. Video ile ilipata Grammy 1998, na mzizi wake ni kazi ya fundi picha wa mtaani. Mafundi wa namna hiyo na sisi tulikuwa nao, kuanzia Unguja ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio 1930, mpaka huku kwetu kwenye vistudio vya picha za pasipoti.

Nianze mimi. Nilimpiga picha mbebaji mmoja pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, jioni, gunia la dagaa begani. Jua lilikuwa nyuma yake. Nilipoikuza ile picha nikaona magamba madogo ya dagaa yameng'ang'ania shingoni na kwenye mkono, yanang'aa kuliko kitu kingine chochote kwenye fremu. Uso hauonekani vizuri, lakini bega lile linakueleza kila kitu. Msanii niliyekuwa nafanya naye kazi alipoiona akasema wimbo wake ndio huo. Tukakubaliana video nzima ipigwe kinyume na jua, taa isiwepo hata moja, shuka jeupe tu la kurudisha mwanga kidogo usoni.

Hapa wageni huwa wanashangaa. Mwanza tuko karibu sana na ikweta, jua linashuka wima. Linazama kwenye saa moja kasorobo jioni, na ule mwanga wa dhahabu haukai. Ukifika saa kumi na mbili ndiyo kwanza unaanza kuipanga kamera, umechelewa. Sisi mazoezi tulifanya mchana, kila mtu alijua atasimama wapi, jioni ilikuwa ni kurekodi tu.

Karibuni.

Binti Kerewe

Asante mleta mada. Mimi ni wa Nansio, Ukerewe. Baba alikuwa na studio, na ninavyoandika hapa negativu zake ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Kamera yake ilikuwa Yashica ile ya lenzi mbili, unaangalia kwa juu huku umeinamisha kichwa. Roli moja ilikuwa inatoa picha 12, za mraba. Ndani ya kioo kushoto kunakuwa kulia, kwa hiyo mteja akiambiwa asogee, baba alikuwa anaonyesha kwa mkono badala ya kusema. Na kwa sababu kamera inakaa usawa wa tumbo, mtu yeyote aliyepigwa pale anaonekana mrefu, ana heshima yake, hata kama ni mtoto wa darasa la kwanza aliyevalishwa koti la kaka yake.

Mdogo wangu anaimba. Alipotaka video, madairekta wa mjini wakamtajia droni. Nikamwambia tufungue sanduku kwanza. Tukaweka negativu dirishani, tukatazama moja moja. Aliyetushika ni msichana mmoja amekaa kwenye stuli, nyuma yake pazia lililochorwa meli na ngazi zinazopanda kwenda kusikojulikana. Mkononi ameshika simu ya mezani ambayo waya wake umekatika, unaning'inia. Nyuma ya picha yake ya karatasi pameandikwa "Ukumbusho" na tarehe.

Basi tukaweka masharti kutokana na picha ile. Fremu ni ya mraba kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kamera ikae usawa wa tumbo, haiinuki. Haitembei, anayetembea ni mtu: anaingia kwenye fremu, anakaa, anaimba, anatoka. Majirani wakaja na nguo zao nzuri, kila mmoja akakaa kwenye stuli kwa kipande chake cha wimbo. Bibi yetu aliingia na redio yake, akakataa katakata kuiacha, na nafurahi hakuiacha. Ukiitazama ile video unahisi unafunguliwa albamu.

Dairekta alikuwa kijana wa Nansio hapahapa, na lenzi yake ni moja tu, ya milimita 50.

Mabatini Finest

Dada Binti Kerewe umenigusa. Naongea kama msanii wa kike. Ukienda kwa dairekta mikono mitupu, yeye ndiye anayekuamulia uvae nini na ukae vipi juu ya jiwe. Mimi niliambiwa nijilaze juu ya mawe na kikaptula, wimbo wenyewe unamzungumzia mama aliyelea watoto kwa kuuza samaki wa kukaanga. Nikatoa picha ya mama yangu, amefunga khanga mbili, amesimama na beseni, nyuma kuna ukuta wenye rangi ya bluu uliobanduka. Nikamwambia kaka, video ni hii. Alikaa nayo kimya, halafu akaanza kuuliza maswali ya maana: ukuta huo upo bado? Jua linaupiga saa ngapi?

Tangu siku hiyo siendi kwenye kikao cha video bila picha ya kuchapisha, ya kushika mkononi. Kwenye simu mtu anaipitisha kwa kidole na kuendelea na mengine. Ya karatasi inakaa mezani, kila mkibishana inawarudisha.

Mzawa wa Igombe

Wakuu mimi si mpiga picha, ni mtu wa dagaa. Lakini kamera nimeziona nyingi mwaloni kwetu, naomba niseme.

Wengi wanataka picha ya mitumbwi usiku na taa zake. Ni kweli inapendeza. Taa zimetandaa ziwani mpaka unadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Ila mjue kazi ile inafanyika giza likiwepo. Mbalamwezi ikikaza, dagaa hawaifuati taa vizuri, watu wanapumzika, wanashona nyavu. Kuna waliokuja na gari zima la vifaa mwezi ukiwa mpevu, wakakuta mitumbwi imelala mchangani. Ulizeni kwanza, kalenda ya mwezi mtu yeyote mwaloni anaijua.

Jambo la pili. Zamani tulitumia karabai, mwanga wake wa njano-njano, wa joto. Sasa hivi wengi wana taa za sola na betri, mwanga mweupe wa baridi. Kijana mmoja wa hapa, mpiga picha wa harusi, alikuta karabai la marehemu babu yake, akalitengeneza likawaka. Akampiga picha mzee mmoja amelishika, ziwa lote nyuma ni jeusi. Picha hiyo ilizunguka sana huku kwetu, na msanii mmoja wa injili akaichukua akaifanya video: karabai moja mtumbwini, taa nyingine hakuna. Walivaa maboya wote, na mwenye mtumbwi ndiye aliyeamua lini watoke na lini warudi. Nalisisitiza hilo kwa sababu ziwa hili likichafuka halikupi muda wa kufunga begi la kamera.

La tatu, akina mama wanaoanika dagaa. Usimpige mtu kwa mbali na lenzi ndefu ukaenda zako. Msalimie, mwambie unafanya nini, na wimbo ukitoka mrudie umwonyeshe. Yule kijana wa harusi hufanya hivyo, ndiyo maana milango yote iko wazi kwake.

Sengerema Mtu Mzima

Mimi nina picha za kivuko cha Kigongo–Busisi, nyingi tu. Foleni ya malori, wauza mayai na mahindi, abiria wamelala juu ya mizigo. Tangu daraja lifunguliwe 2025, zile kilomita 3 unazivuka kabla hujamaliza kutuma ujumbe. Nimefurahi kama mkazi, tuliteseka sana pale. Ila wale wauzaji na ile subira ya watu viko kwenye picha tu sasa. Msanii mwenye wimbo wa kusubiri, anione.

Mdadisi wa Buhongwa

Mleta mada, swali la haki kabisa. Kuchukua picha ya mtu na kuifanya video, tofauti na wizi iko wapi?

Jicho la Ziwa

Swali zito mkuu, na nalifikiria kila ninapofanya kazi. Chukua Kendrick Lamar, rapa wa Marekani. Video yake ya "ELEMENT." ya 2017 imesuka upya picha za Gordon Parks, yule Mmarekani mweusi aliyepiga picha za maisha ya watu weusi kwa miongo mingi. Mtoto aliyelala kwenye nyasi na mdudu kwenye paji la uso, picha ya 1963, unaiona mle ndani inapumua. Taasisi inayotunza kazi za Parks ikaandaa maonyesho mwaka huohuo huko Pleasantville, New York, ya picha zilizoichochea video ile. Watu waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Parks wakaenda kumtafuta.

Kwa hiyo msimamo wangu: mwenye picha akiwa hai, nenda kwake. Akiwa amefariki, nenda kwa watoto wake. Mlipe mnachoelewana, na jina lake liandikwe kwenye video yenyewe, si kwenye maelezo ya chini ambayo hakuna anayeyafungua. Na picha ya marehemu wa mtu usiitumie kabla familia haijakubali.

Musoma Mjini

Wakuu mie nina simu tu, tripodi ya kuungaunga. Nimejaribu kupiga ndani kwa taa za umeme, picha inapepesa mistari. Msaada.

Jicho la Ziwa

Musoma karibu. Pakua programu ya kamera inayokuruhusu kupanga mwenyewe. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi zitatulia hapo. Zikiendelea kupepesa, badilisha balbu, zile za bei ya chini sana ndizo korofi. Kisha bonyeza na ushikilie kidole kwenye sura ya mtu mpaka mwanga ufungwe, vinginevyo simu itakuwa inaongeza na kupunguza yenyewe akitembea.

Ngoma Kisesa

Kuhusu shata niongeze. Sisi tulirekodi kikundi cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kucheza na majembe. Kilichotuvuta ni picha ya mnato ya jembe liko hewani juu ya kichwa cha mchezaji, limeganda kabisa, mpaka udongo unaodondoka unahesabika. Kwa 1/50 jembe linakuwa ukungu. Tukapandisha shata mpaka 1/1000, mchana wa jua kali. Miondoko ikawa ya kukatika-katika, vumbi linaonekana punje kwa punje, na kwa ngoma yenye pigo zito kama ile ikakaa sawasawa. Kwa wimbo wa mapenzi nisingeshauri.

Mabatini Finest

Dada Binti Kerewe, lile pazia la meli na ngazi bado lipo? Baba hajambo? Nimsalimie kwako, shikamoo yake. Nina wimbo unaolihitaji.

Binti Kerewe

Marahaba anasema, nimemsomea uzi wote na amecheka sana nilipofika kwa yule mwenye shuka la kitandani. Pazia lipo, kona moja imeliwa na panya, meli imesalimika. Haliuzwi. Ukija Nansio tutalitundika uani asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza. Sharti lake ni moja: yeye mwenyewe ndiye atakayekupanga mkono uende wapi na kidevu kiinuke kiasi gani. Dairekta wako mwambie mapema.