Nyonga ya bandia, bega bovu, na bado nataka kwenda porini msimu huu

mzee_wa_singida
Wakuu habari zenu. Niko Minnesota, nawinda kulungu wa huku wale wa mkia mweupe kila vuli, na kwetu Singida nimekulia kwenye familia ya wawindaji kwa hiyo hii kitu iko kwenye damu. Sasa nimebadilishwa nyonga ya kulia, na bega nalo limechoka kwa kazi za kubeba mizigo, upinde wangu unaotaka nguvu ya pauni 60 kuuvuta siuwezi tena, nafika nusu mkono unaanza kutetemeka. Wanangu wanasema baba imetosha, nyama tutanunua. Jamani sio nyama! Msimu ukipita sijakaa porini nikasikia msitu unavyoamka alfajiri naona mwaka umenipita hivi hivi. Kuna mdau yuko hali kama yangu na bado anawinda? Kupanda dungu juu ya mti ndio naogopa kuliko yote. Natanguliza shukrani.

kijana_wa_ziwani
Shikamoo mzee. Usiache bana. Kwanza huo upinde sio lazima uvute pauni 60, sheria ya Minnesota kwa kulungu inataka angalau 30 tu, peleka dukani wakulegezee mpaka 40 hivi uone bega linasemaje, ila ukipunguza nguvu na umbali upunguze, usirushe mshale mbali, subiri mnyama awe mita 15 au 20 na akupe ubavu. Bega likikataa kabisa chukua krosibo, ule upinde wa kufyatua kwa kidole kama bunduki. Zamani hapa msimu wa upinde ilikuwa ni ya wenye miaka 60 kwenda juu na wenye kibali cha ulemavu, mwaka 2023 wakafungulia watu wote. Ila nunua yenye krenki ya kuzungusha, maana kuivuta kamba yake kwa mikono ni balaa kuliko upinde wa kawaida, na uwe na mguu wa kuegeshea kwa sababu mbele ni nzito.

dada_nesi
Shikamoo baba. Mimi ni nesi, wagonjwa wa nyonga nakaa nao kila siku. Dungu la mtini achana nalo, wengi wanaanguka wakati wa kupanda na kushuka, sio wakiwa wamekaa. Tumia kile kijihema cha chini cha kujificha. Lakini angalia KITI! Vile vistuli vifupi vya kukunja wanavyoviweka humo vitakuumiza, ukikaa goti linapanda juu ya nyonga na hiyo ndio pozi tunayowakataza watu wenye nyonga mpya. Tafuta kiti kirefu chenye mikono ya kushikia, goti liwe chini ya nyonga, halafu kila baada ya muda simama taratibu unyooshe mguu, ndani ya hema hakuna mnyama atakayekuona. Na kama bado unatumia dawa za kuzuia damu kuganda mwambie mwenzako ndio achune na kupasua, wewe kisu usishike, ukijikata porini kwenye baridi ile damu itachelewa kukata. Muulize pia daktari aliyekufanyia.

mdau_mangola
Salamu kutoka Mang'ola huku Ziwa Eyasi. Mzee naona wote wanaongelea vifaa, mimi niongelee kukaa. Wahadzabe majirani zetu kiangazi kikikaza maji yakabaki sehemu chache hawahangaiki kukimbizana na mnyama, wanatengeneza kijificho karibu na maji wanakaa usiku, mnyama mwenyewe anakuja. Akishapigwa mshale wa sumu hawamfukuzi, wanamwacha, wanafuata nyayo baadaye. Hapo mbio hazina kazi, kinachotakiwa ni kujua anapita wapi, upepo unatoka wapi na kutulia. Hivyo vyote unavyo mzee, nyonga haijachukua hata kimoja.

kijana_wa_ziwani
@mdau_mangola umemaliza kaka. Mzee nimesahau, kuna kibali cha DNR, idara ya maliasili ya jimbo, ukiwa na cheti cha daktari kwamba kutembea ni shida wanakuruhusu kupiga ukiwa ndani ya gari lililosimama. Na kuna vile viti vya umeme vya wasioweza kutembea, vyenye minyororo kama buldoza, vinatengenezwa hapa hapa Minnesota, mji wa Marshall, vinapita kwenye tope na theluji, baadhi ya hifadhi za jimbo unaviazima bure, kajaribu kwanza matembezi ya kawaida. Ukienda na bunduki Novemba kama unatumia ya risasi kubwa ya .30-06 hama, chukua ya risasi ndogo ya .243, inapiga teke kidogo begani na kulungu anaanguka vizuri tu. Kuburuta mnyama usithubutu, niite mimi nina sledi, kile kigari cha kuburuta kwenye theluji.

mzee_wa_singida
Marahaba wanangu, nimesoma yote mara mbili. Dada nesi hilo la kiti hakuna aliyeniambia hata hospitali, ninacho kistuli kifupi gereji na leo kinatoka. Krosibo nitaenda kuishika dukani kwanza. Mdau wa Mang'ola nimemsomea mwanangu wa kwanza maneno yako, amesema atakuja kukaa na mimi hemani siku ya kwanza ya msimu. @kijana_wa_ziwani nicheki inbox tuongelee sledi, na unijuze kijihema cha watu wawili ambacho mlango wake ni mrefu, nisiinamie sana kuingia.

dada_nesi
Baba mlango upime umesimama na koti la baridi mwilini. Na filimbi shingoni.